Siku Mia Moja na Arobaini za Bi Wino

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekanyaga shule hii bila ruhusa yangu. Awe mkaguzi, awe mheshimiwa mwenye gari la vioo vyeusi, awe Mwalimu Mkuu mwenyewe aliyesahau miwani: wote husimama getini, hunisalimu, na mimi nikiridhika ndipo siku inaanza. Wapo wanaodhani shule huendeshwa kwa ratiba. Shule huendeshwa kwa ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Ndiyo maana ilipotafutwa kalamu ya kumuaga mfanyakazi mkongwe kuliko wote hapa, walizunguka weee, ofisi hadi ofisi, wakaishia getini.

Mfanyakazi huyo ni mchapaji wetu, ambaye wanafunzi wa zamani na wa sasa wanamwita Bi Wino. Amefanya kazi hapa miaka thelathini na minne kamili, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni. Shikeni hesabu hiyo vizuri. Thelathini na minne. Siyo thelathini na mitatu na miezi mitano. Mwalimu Mkuu aliniomba niandike nusu ukurasa, tena "wenye uchangamfu". Uchangamfu upo, nitautoa. Lakini nina jambo limenikaa kooni miezi miwili, na mtu hawezi kucheka vizuri akiwa na mfupa kooni.

Bi Wino alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye mkoba wa plastiki na cheti cha uchapaji kilichokunjwa mara nne. Mimi sikuwepo, ila nimesimuliwa vizuri kuliko waliokuwepo. Alipewa chumba kisicho na dirisha, kati ya stoo ya majembe na ofisi ya walimu, taipureta moja, na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, ile inayokula stensili na kutema karatasi mia kwa pumzi moja, nzito kama ng'ombe aliyegoma. Akakaa. Alichapa kwa kasi hata ndege gogota wa kwenye mti wa uwanjani alikuja kutua juu ya bati la chumba chake, akasikiliza siku mbili, akahama kwa aibu. Asiyeamini aende akamtafute huyo gogota kama yupo.

Mitihani yote ya shule ilipita vidoleni mwake. Mwalimu mmoja wa hesabu, kijana wa kujisikia, alimpelekea mtihani wa darasa la saba. Ukarudi na kikaratasi kimebandikwa juu yake: "Swali la tisa halina jibu. Nimejaribu mara tatu." Kijana akapandwa na hasira, akaenda kulikokotoa ubaoni mbele ya wenzake ili amwonyeshe mchapaji mipaka yake. Alitoka pale na chaki mpaka kwenye nyusi, jibu hakuna. Tangu siku hiyo walimu walimpelekea mitihani kama watu wanavyopeleka vipimo maabara, kwa unyenyekevu na bila kumtazama usoni.

Na siri je? Mwanawe wa kwanza alisoma hapa hapa. Alipata alama thelathini na moja kwa mia katika mtihani uliochapwa na mama yake mzazi, aliyekuwa nao kichwani wiki mbili nzima huku akimpikia uji kila asubuhi. Nilimwambia, "Dada, hata kumkonyeza?" Akanijibu, "Nilimkonyeza asome."

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Sasa tuingie kwenye mfupa.

Miaka sita iliyopita ukuta wa madarasa ya chini ulipasuka. Mhandisi alikuja na kofia yake ya njano, akachomeka kidole kwenye ufa, kidole kikazama mpaka kwenye pete ya ndoa. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemchomoa. Akaandika kwamba jengo ni la hatari, shule ifungwe wiki mbili. Wiki mbili! Wiki mbili hizo zilizaa nyingine, nazo zikazaa, mpaka zikafika ishirini na nane, na hakuna aliyekuja kutuambia hata samahani.

Ofisi ya elimu ilituma tangazo, nikalibandika getini kwa mkono wangu huu. Lilisema: "Masomo yataendelea nyumbani kwa njia ya simu. Wazazi watasimamia."

Sasa niambieni, ndugu zangu, simu ipi? Nyumbani kwetu simu ya maana ilikuwa moja, ya dada yangu, naye ni muuguzi. Ilikuwa ikitoka naye asubuhi na kurudi naye jioni ikiwa na chaji asilimia tatu. Somo la darasa la tatu lilitumwa saa nne asubuhi. Binti wa dada yangu, wakati huo ana miaka tisa, alilifungua saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo hiyo asilimia tatu, na simu ikazima mwalimu akiwa kwenye "Leo tutajifunza". Kesho yake tena, "Leo tutajifunza", giza. Mwezi mzima mtoto yule alijifunza kwamba leo tutajifunza.

Na hilo neno "watasimamia" ndilo lililonichoma zaidi. Watasimamia nini, na nani? Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa na watoto wanne wa madarasa manne katika chumba kimoja, na katikati ya chumba pana cherehani. Jirani yake, fundi seremala, alikuwa hajui kusoma, na hakuwahi kulificha hilo. Aliyeandika tangazo lile alidhani kila nyumba ina meza, taa, na mtu mzima aliyekunja mikono anasubiri kuulizwa habari za desimali. Akaandika "watasimamia", akafunika kalamu, akaenda kula.

Siku ile ile Bi Wino alisimama getini akalisoma tangazo mara mbili. Kisha akaniambia, "Mlinzi, fungua."

Nikamwambia, "Dada, amri ni kwamba hakuna mtu kuingia."

"Siingii," akasema. "Natoa."

Alikuwa ameshazungumza na Mwalimu Mkuu wa wakati ule, akapewa ruhusa ya mdomo kuchukua mashine ya kurudufu, stensili, na marimu ya karatasi yaliyokuwa yakisubiri mitihani ambayo haipo. Mashine hiyo niliibeba mimi, peke yangu, mgongoni, kilomita mbili za kupanda. Basi, sawa, fundi seremala alishika upande mmoja, na mkokoteni ulikuwepo. Nilirudi getini nikaandika kitabuni: "Imetoka mashine moja." Mtu sikumwandika. Kanuni ya kitabu cha getini ni kwamba anaandikwa anayeingia kazini, na yeye hakuingia. Likumbukeni hilo, mimi limenitoa jasho.

Sebuleni kwake alisukuma makochi ukutani, akaweka mashine juu ya meza ya kulia, na kuanzia hapo familia yake ikala chakula magotini. Walimu wawili waliokaa karibu walimletea maswali, lakini mengi aliyatoa kichwani mwake. Mtu aliyechapa mitihani ya madarasa yote miaka ishirini na minane anajua darasa la tatu hufika wapi mwezi wa tano kuliko anavyojua njia ya kwenda sokoni.

Kila mtoto alipata karatasi moja kwa wiki. Moja tu, msidhani alimwaga vitabu. Upande wa mbele ulikuwa wa mtoto. Upande wa nyuma ulikuwa na maandishi makubwa juu: MTU MZIMA WA NYUMBA HII. Hapo ndipo alipotushika pabaya! Mtu mzima naye alipewa kazi, na hakuambiwa asahihishe, maana Bi Wino alijua tukiambiwa tusahihishe nusu yetu tutaingia chini ya vitanda. Aliandika: "Mwache mtoto akupimie unga vikombe vinne na nusu. Andika alikosea wapi." Wiki nyingine: "Akusomee maandishi ya kwenye paketi ya sabuni, hata yale madogo. Andika neno ambalo wewe hukulijua." Kwa wasiosoma alichora kikombe, jicho, sikio, na mtu alibonyeza dole gumba lenye wino mahali pa sahihi.

Jumanne alipita nyumba kwa nyumba kugawa na kukaa kidogo na watoto. Alhamisi alipita kukusanya, akazisoma, na Jumanne iliyofuata akamrudishia kila mtu yake. Ukimpa karatasi ambayo nyuma ni tupu, hupati mpya, na wala haondoki. Anavuta kiti. Fundi cherehani alimwambia, "Dada yangu, mimi nina nguo za watu hapa." Akamjibu, "Na mimi nina mtoto wa watu hapa. Tena ni wako." Fundi akaweka mkasi chini. Kufika wiki ya tano watoto wake wanne walikuwa wanajua nusu na robo kwa kutumia futi yake ya kupimia, na mdogo kuliko wote alikuwa anawapima wateja viuno na kuwasomea kwa sauti, jambo ambalo liliwapunguzia furaha baadhi ya wateja.

Na fundi seremala je? Wiki ya ishirini na mbili hakubonyeza dole. Aliandika jina lake, herufi zimeegemeana kama mbao zilizopangwa vibaya, halafu akakaa anaitazama karatasi mpaka Bi Wino akalazimika kumnyang'anya. Mwanawe wa miaka minane ndiye aliyekuwa amemfundisha.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima wa nyumba yetu. Zamu yangu getini ilikuwa ya asubuhi, kwa hiyo mchana binti alikuwa wangu. Shule niliacha darasa la sita, kwa sababu ambazo zingewatia walimu wangu aibu nikizitaja. Lakini nawaambia, kugawanya kwa njia ndefu kulieleweka nyumbani kwetu ndani ya wiki tatu, na nani alimweleza nani hilo ni suala la kifamilia.

Shule ilipofunguliwa watoto walipimwa. Hawakuwa nyuma. Darasa la tatu walikuwa mbele ya mahali walipopaswa kuwa. Tulicheka, tulipiga makofi. Kisha ikaja taarifa ya ofisi ya elimu, nayo niliibandika getini kwa mkono wangu huu huu: "Mfumo wa masomo kwa njia ya simu umeonyesha mafanikio makubwa." Niliisoma nikahisi kichwa kinapata moto. Simu! Simu ya asilimia tatu! Nilitaka kuibandika kichwa chini, ila kanuni za kazi haziniruhusu. Bi Wino aliisoma, akaniambia, "Usijitie presha, Mlinzi. Watoto wamesoma." Akarudisha mashine yake kwenye chumba kisicho na dirisha, akaendelea kuchapa. Hakudai sifa wala shukrani, na sisi hatukumpa hata kimoja. Nawasema na ninyi pia, msijifiche.

Miaka sita ikapita. Miezi miwili iliyopita ikaja bahasha kutoka ofisi ya elimu, ya mambo ya kustaafu kwake. Kila bahasha inapita getini. Hii haikuwa imefungwa vizuri, na macho yangu nayo hayakuwa yamefungwa. Ndani mlikuwa na rasimu ya cheti chake cha utumishi. Kilisema: muda wa kazi, miaka thelathini na mitatu na miezi mitano. Na chini, kwenye mstari wa maelezo: "Siku 140 za utoro kazini."

Utoro.

Bi Wino mtoro! Mwanamke aliyekuja kazini na jino limevimba mpaka shavu limefunga jicho. Watu wengine wakaja kunipoza, wakisema ni neno tu, nisilichukulie moyoni, faili halisomwi na mtu. Niliwajibu kwamba hata jiwe la kaburi ni maneno tu, na kila mtu anataka la kwake liandikwe sawasawa. Yeye mwenyewe aliposoma karatasi ile aliikunja mara nne, akasema, "Waandike wapendavyo." Lakini barua aliyoichapa mchana huo ilitoka na tarehe ya mwaka jana. Nimemjua miaka kumi na tisa, sijawahi kuona kosa lake hata la nukta. Nikajua limemfika.

Nilikwenda ofisi ya elimu siku ya mapumziko yangu, nimevaa koti. Karani wa mafaili alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani yake imeunganishwa kwa uzi. Nikampigia kelele kama mtu aliyeibiwa. Nikamwuliza ni nani huyo mwenye roho ngumu aliyesema Bi Wino hakuwepo kazini wiki ishirini na nane. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akafungua faili, akaligeuza upande wangu.

Palikuwa na nakala za kitabu cha getini. Wiki ishirini na nane, jina lake halimo. Mwandiko ni wangu.

Jamani! Wao ndio walioamuru geti lifungwe. Mimi nikalifunga. Mtu akaenda kufanya kazi yetu mitaani, juani, na matope mpaka kwenye magoti, halafu ofisi ile ile inauliza kwa nini hakupita kwenye geti ililolifunga yenyewe! Na kitabu changu, ambacho nimekitunza kama mboni ya jicho, ndicho kikawa shahidi wa uongo dhidi yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilipiga meza. Karani akaondoa kikombe chake cha chai mahali pa hatari.

"Mzee," akasema, "mimi nakuamini. Lakini faili haliamini mdomo. Huyo Mwalimu Mkuu aliyetoa ruhusa aliandika popote?"

"Alisema tu. Na sasa ni marehemu."

"Basi niletee karatasi. Kila wiki, karatasi moja yenye tarehe yake na mkono wa mtu mzima aliyeipokea. Wiki ishirini na nane, karatasi ishirini na nane. Pungufu ya hapo bosi wangu hasaini. Cheti kinakwenda kupigwa chapa tarehe ishirini."

Nilikuwa na siku kumi na mbili. Niliingia mitaani kama mtu wa sensa. Niliingia nyumba ambazo watoto wake sasa wananizidi urefu. Na nawaambia, watu walikuwa wamezitunza! Nyingine zilikuwa zimefunikia vitabu, nyingine zimetandikwa kwenye droo, moja niliibandua kwenye ukuta wa jikoni ikiwa na mafuta ya miaka sita. Fundi cherehani alikuwa na bunda zima ndani ya boksi la nyuzi. Fundi seremala alinipa ya wiki ya ishirini na mbili, ikiwa kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe, na akanifuata mpaka barabarani akisema, "Irudi. Nakwambia, irudi."

Kufika siku ya tisa nilikuwa na wiki ishirini na saba. Iliyokosekana ni ya kumi na saba. Wiki hiyo wino wa mashine uliisha na duka halikuwa nao, kwa hiyo Bi Wino aliandika kwa mkono, nakala kumi na moja tu, kwa nyumba zilizokuwa na watoto wa darasa la tatu. Niliziendea nyumba kumi. Kumi zote hazikuwa nayo. Zilishaungua jikoni, zilishanyeshewa, zilishahama na wenyewe.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa yetu.

Karatasi hiyo ninayo. Nilijua ilipo tangu siku ya kwanza, ndani ya kifuniko cha nyuma cha redio, nilikoichomeka miaka sita iliyopita ili isionwe na mtu. Na nitakuwa mkweli: siku mbili nzima nilizunguka mitaani kutafuta ya mtu mwingine yeyote ili hiyo isitoke. Binti ndiye aliyenimaliza. Sasa ana miaka kumi na mitano, ulimi umekuwa mrefu kuliko shingo. Alinikuta nimekaa na redio mapajani, bisibisi mkononi, sifungui wala sifungi. Akasema, "Mjomba, wewe umewapigia kelele ofisi nzima kwa sababu ya Bi Wino. Halafu unashindwa na redio?"

Nikamwambia aniheshimu. Akasema ananiheshimu sana, ila nifungue.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa nilimwekea karani karatasi ishirini na nane mezani. Alizipitia moja moja, akiandika tarehe pembeni. Kwenye ile ya wiki ya kumi na saba akaigeuza nyuma, akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kitenge, akaivaa, akanitazama, akaitazama karatasi.

"Huu mkono wa mtu mzima siupokei," akasema. "Huu si wa mtu mzima."

Moyo ukanidondoka mpaka kwenye soksi.

"Lakini hapa chini," akaendelea, "kuna maandishi ya wino mwekundu. Haya ni ya nani?"

"Ya Bi Wino mwenyewe."

"Ana tarehe, ana siku, ana saa, na ameweka sahihi. Mzee, katika karatasi zote hizi umeniletea mikono ya watu waliomwona. Hii ndiyo pekee inayomwonyesha yeye mwenyewe yuko kazini." Akaibandika juu kabisa ya faili. Kisha akanisukumia fomu niandike kwa mkono wangu, mbele yake, kwamba Mjomba anayetajwa pale ni mimi. Nikaandika. Sijawahi kuandika mstari mzito kama ule.

Cheti kipya kimefika Jumatatu. Kinasema miaka thelathini na minne, na kwenye mstari wa maelezo wameandika: "Hakukosa." Bahasha safari hii ilifungwa vizuri sana, imenisumbua.

Bi Wino, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, watoto waliokua na wanaoendelea kukua, na watu wazima wa nyumba zote ulizozikalia viti, tunasema ahsante. Tumeichelewesha miaka sita na tunaona haya. Nenda ukapumzishe vidole. Mezani kwako paliwe chakula, na magoti ya familia yako yapumzike. Ukilala usingizi wa mchana usiamshwe na kengele ya mtu yeyote, na ukitaka kuja kututembelea, njoo saa yoyote. Nitakuandika kitabuni hata ukipita tu ng'ambo ya barabara.

Limebaki jambo moja. Faili hilo litasomwa mbele yenu Ijumaa, pamoja na viambatanisho vyake, na ni heri mlisikie kwangu kuliko kwa karani. Kazi ya mtu mzima wiki ile ya kumi na saba ilikuwa ni kumsikiliza mtoto akisoma ukurasa mmoja, kisha kuandika umesikia nini. Chini yake, kwa mwandiko wa mtoto wa miaka tisa, pameandikwa: "Mimi Mjomba nimemsikiliza binti vizuri sana. Sikulala." Na chini ya hapo, kwa wino mwekundu: "Alilala. Nimemkuta mwenyewe, Jumanne, saa tisa alasiri. Binti amenisomea mimi mpaka mwisho. Narudi Alhamisi, Mjomba awe macho."

Ni kweli. Tena binti anasema ilibidi asome kwa sauti ya juu, kwa sababu nilikuwa nakoroma.